Bili ya umeme imepanda ghafla na notisi ya kukatiwa imekuja: anzia kwenye mita

Chukua bili uende nayo mbele ya mita kabla hujampigia mtu simu. Anayelalamika kwamba "bili ni kubwa mno" bila tarakimu hujibiwa kwamba ndivyo mfumo unavyoonyesha, na mazungumzo yanaishia hapo. Mwenye picha ya mita yenye tarehe husikilizwa.

Tazama kwanza namba ya mita yenyewe, ile iliyochapwa usoni mwake. Ni lazima ifanane na iliyo kwenye bili. Kwenye nyumba za wapangaji wengi, mita zikiwa zimepangwa ukutani pamoja, kubadilishana namba hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na unaweza kulipia umeme wa jirani kwa miezi bila kujua. Kisha soma uniti. Ikiwa bili inasema 8,640 na mita leo inasoma 8,210, umedaiwa uniti 430 ambazo bado hujazitumia. Angalia pia tarakimu ya mwisho: kwenye mita nyingi ile iliyo baada ya nukta, au yenye rangi nyekundu, ni sehemu ya uniti na haihesabiwi. Msoma mita akiiingiza, 1234.5 inakuwa 12345, nawe unadaiwa maelfu ya uniti.

Sasa tafuta kwenye bili neno linaloonyesha kama usomaji ni halisi au ni wa makadirio. Hapa ndipo bili nyingi za kushtua zinapozaliwa. Kampuni ikikadiria chini kwa miezi 6 kisha msoma mita akafika, tofauti yote humwagwa kwenye mwezi mmoja. Deni lenyewe linaweza kuwa la kweli, lakini palipo na bei ya ngazi, ambapo uniti za juu hutozwa zaidi, mrundikano huo unakupandisha ngazi isiyo yako. Omba uniti zigawanywe kwenye miezi zilipotumika na bei ihesabiwe upya. Hesabu pia siku za bili: ya siku 45 haiwezi kulinganishwa na ya siku 30. Na hakikisha hujahamishiwa kundi la bei ya wafanyabiashara.

Usomaji ukiwa sahihi, pima mita. Zima swichi kuu ya nyumba na usubiri dakika 15. Namba isisogee, na taa ndogo ya mita isipepese. Ikiendelea kupepesa, kuna waya uliounganishwa kati ya mita na swichi yako, au mita ni mbovu. Na hata ikiacha kupepesa, umeme wa jirani ukizimika ulipozima swichi yako, jibu umelipata: anatumia umeme wa mita yako. Usifungue mita wala kugusa lakiri yake hata kidogo; ikikatika, kosa linahamia kwako.

Kipimo cha pili kinahitaji birika la umeme lililojaa maji. Kwenye mita pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima vifaa vyote, washa birika la wati 2,000 peke yake. Linakula uniti 2 kwa saa, kwa hiyo taa ipepese takribani mara 33 kwa dakika. Ukihesabu chache zaidi, huenda volti ziko chini na birika linavuta kidogo. Ukihesabu 45 au 50 tena na tena, omba kwa maandishi mita ikapimwe, na uulize mapema gharama ya kipimo ni ya nani mita ikikutwa nzima.

Mita ikiwa nzima, mlaji yuko ndani. Usipoteze muda kwenye balbu: balbu 10 za LED za wati 9 zikiwaka saa 5 hazifikishi nusu uniti. Anzia kwenye maji. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula karibu uniti 4.7, na bomba la maji moto linalovuja huifanya hita iwake usiku kucha. Thamostati, yaani kifaa kinachoizima hita maji yakishapata moto, ikikwama huleta matokeo yale yale. Pampu ya wati 750 isiyozimika kwa sababu bomba limepasuka au boya la tangi limekwama inakula uniti 18 kwa siku, yaani 540 kwa mwezi. Ili kumpata mlaji, zima sakiti breka zote, kisha washa moja moja huku ukitazama taa ya mita. Friji nayo: bana karatasi kwenye mlango, ikichomoka bila kukaza, mpira umekwisha.

Notisi isisubiri uchunguzi huu ukamilike. Siku hiyo hiyo peleka malalamiko ya maandishi yenye namba ya akaunti, picha ya mita na kiasi unachopinga, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu. Omba ukataji usimamishwe malalamiko yakishughulikiwa. Lipa sehemu usiyoipinga, tuseme wastani wa bili 6 zilizopita, na utunze risiti. Anayelipa kitu huku akibisha kingine yuko mahali pazuri kuliko aliyegoma kabisa. Kama kuna mgonjwa anayetegemea mashine, peleka barua ya daktari mapema. Deni la mpangaji aliyehama lijibiwe kwa mkataba wa pango wenye tarehe uliyoingia.

Ikibidi kulipa kwa awamu, usikubali kiasi kikubwa ili tu utoke ofisini. Kumbuka kila mwezi utalipa awamu pamoja na bili mpya, na ukikosa awamu moja mara nyingi makubaliano yanavunjika na deni lote linadaiwa kwa mkupuo. Yaandikwe: kiasi, tarehe, na kwamba hutakatiwa ukiyatimiza. Wakikataa kukujibu, peleka jalada lote kwa mamlaka inayodhibiti huduma za umeme.

Anayekupigia simu akitaka pesa kwenye namba yake binafsi ili "asikukatie" ni tapeli mpaka ithibitike vinginevyo. Kata simu, piga namba iliyochapwa kwenye bili.

Ukikatiwa, usijirudishie. Ni hatari kwa maisha, na deni hugeuka kesi ya wizi. Ukishalipa, chomoa hita, pasi na friji kabla fundi hajafika, kisha piga picha ya mita akiwa bado hapo. Namba ikitofautiana na aliyoiandika kwenye karatasi yake, mwambie airekebishe kabla hujasaini.