Somo: Jagi la zamani la mvinyo ulilotoka nalo safarini

Wapendwa, jagi la somo hili nilitoka nalo Würzburg, Ujerumani, mji ambao ni dada wa Mwanza yetu tangu 1966. Kule ni nchi ya mvinyo. Ukisimama kwenye daraja la kale la mto Main unaona mizabibu imepanda vilima, na watu wamesimama hapo hapo darajani na bilauri zao. Asubuhi moja nikapita gulio la mitumba, nikalikuta kati ya pasi kuukuu na vijiko: la kijivu, lina majani ya mzabibu ya buluu. Nikalilipia euro 12, nikalisokotea kitenge, nikalishika mkononi mpaka uwanja wa ndege wa Mwanza.

Lakini sikulimiminia kitu siku hiyo, na nitawaambia kwa nini. Miaka ya nyuma niliwahi kuletewa jagi la maua ya njano, zuri kupita maelezo. Nilikuwa nalaza humo juisi ya ukwaju usiku kucha, asubuhi wanangu wanakunywa. Baada ya wiki chache mng'ao wa ndani ukafifia, pakawa kama pamekwanguliwa. Ukwaju ulikuwa unakula glezi, ule utando wa kioo unaofunika udongo, na glezi za zamani za rangi mara nyingi zilitiwa risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo. Nililia siku ile.

Hatua ya 1: ujue udongo wake. Hapa msiharakishe. Pindua jagi, tafuta ule mduara wa chini usio na glezi, udondoshee tone la maji. Tone likinywewa papo hapo, huo ni udongo laini wa moto mdogo, ndugu wa mtungi wetu unaotoa jasho na kupoza maji. Likikaa juu kama kwenye jani la mgomba, udongo ulichomwa kwa moto mkali hadi ukafunga. Kisha papasa ngozi ya nje. La Würzburg lina vitundu vidogo kama ganda la chungwa. Hiyo ni alama ya glezi ya chumvi, kazi ambayo mafundi wa Westerwald, eneo la Ujerumani, wanajulikana nayo: tanuri likivuka nyuzi 1,200 hivi, wanatupia chumvi ndani, mvuke wake unashikana na silika (madini ya mchanga) iliyo kwenye udongo na kugeuka kioo juu ya chombo. Glezi hiyo haihitaji risasi. Buluu yake inatokana na madini ya kobalti. Lile la maua, nilipokuja kulijaribu, lilinywa tone kabla sijapepesa jicho.

Hatua ya 2: soma alama. Ukikuta "W. Germany" au "West Germany", yaani Ujerumani Magharibi, limetengenezwa kati ya 1949 na 1990. Langu lina pia mstari shingoni na "1 L", kipimo cha kumlinda mnunuzi asipunjwe. Nilimimina chupa ya maji ya lita moja, yakafika mstarini.

Hatua ya 3: ligonge kwa kucha, kama unavyochagua chungu sokoni. Likilia kama kengele, zima. Likijibu kwa sauti butu, tafuta ufa.

Hatua ya 4: lioshe. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji, mswaki laini wa zamani. Stilwaya iacheni kwenye sufuria. Ukoko wa ndani paka bekin soda iliyolainishwa kwa maji (si magadi ya maharage), subiri, sugua taratibu. Madoa yaliyoingia kwenye nyufa ndogo za glezi, loweka jagi kwenye maji matupu kwanza, halafu tumia hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa kwa saa kadhaa, kwenye beseni la plastiki. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hapana: chumvi zake hubaki ndani ya udongo na baadaye husukuma glezi ibanduke. Maji ya moto ghafla nayo hupasua.

Hatua ya 5: lilaze na maji juu ya gazeti. Asubuhi gazeti likiwa kavu, limepita.

Udongo mgumu, ngozi ya chungwa, hakuna ufa: mimi nalitumia kwa maji na mvinyo. La rangi la udongo laini lisilojulikana asili yake: pambo tu, hata likiwa zima.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mama. Vile vijiti vya kupimia risasi nyumbani vinafaa? (Nyegezi)*
Marahaba mwanangu. Kikibadilika rangi, amini na uliweke kando. Kisipobadilika, usijipe uhakika, maana risasi inaweza kuwepo na kijiti kisiione. Maabara hutumia asidi ya siki asilimia 4 kwa saa 24, kisha hupima kilichotoka.

*Dada, nina mgahawa Kirumba. Naweza kuwapa wateja mvinyo wa Dodoma kwenye jagi la kale la maua? Unakaa dakika chache tu.*
Hapana kaka. Mvinyo una asidi, na wateja hawajui historia ya jagi lako. Tumia la kioo, hilo lipambe kaunta.

*Mpini ulikatika, nikaunga kwa gundi ya kuchanganya. Limeshika vizuri.*
Lita moja ya maji ni kilo nzima, bado uzito wa jagi lenyewe. Usilibebe kwa mpini huo mbele ya mtoto.

*Na lile la kwanza lilienda wapi? Watoto je? (Sengerema)*
Niliwapeleka kwa daktari na jagi mkononi, nikaeleza kila kitu. Wanaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Jagi sikumgawia mtu, maana angelijaza juisi. Liko juu ya kabati na maua makavu, na ndani nimebandika karatasi: SI LA KUNYWEA.