Anwani ya barua pepe iwe yako: namna ya kuhama bila kupoteza barua wala akaunti

Bofya "nimesahau nywila" kwenye tovuti yoyote unayotumia, ya benki, ya kodi, ya bima, ya picha, uone kiungo cha kuweka nywila mpya kinapelekwa wapi. Kinakwenda kwenye barua pepe. Anayeishika anwani yako ameshika mlango wa akaunti zako zote, na watu wengi wamepewa anwani hiyo bure na kampuni ambayo, ndani ya masharti yake, imejiwekea haki ya kuifunga.

Haki hiyo hutumika kweli. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilieleza habari za baba mmoja wa San Francisco aliyempiga picha mwanawe mgonjwa ili daktari aione shida yake. Programu ya Google ya kukagua picha ilimwona mhalifu na akaunti ikafungwa. Polisi walichunguza wakasema hakuna kosa lililotendeka, lakini akaunti haikurudishwa. Barua, orodha ya watu, picha za miaka mingi, hata namba ya simu, vyote vilikwenda pamoja kwa sababu vyote vilining'inia kwenye akaunti moja.

Sheria husaidia nusu ya njia. Kifungu cha 20 cha GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, kinampa mtu haki ya kuchukua data aliyoipa kampuni na kuipeleka kwingine. Katika nchi nyingi mtu anaweza pia kuhama mtandao wa simu akabaki na namba yake. Anwani inayoishia na jina la kampuni haina haki kama hiyo: barua utazibeba, anwani itabaki. Ndiyo maana kazi yote hapa inaanzia kwenye kikoa. Sehemu inayofuata alama ya @ iwe imesajiliwa kwa jina lako, na kampuni inayokupokelea barua iwe kitu unachoweza kukibadilisha alasiri moja.

Kikoa

Chagua mwisho wa zamani na wa kawaida: .com, .net au .org. Miisho mipya mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo mwaka wa kwanza, kisha bei ya kuhuisha hupanda, kwa hiyo soma bei ya mwaka wa pili kabla ya kulipa. Mwisho wa nchi au eneo ambalo huna uhusiano nalo wa kudumu uogope. Wakazi wa Uingereza waliokuwa na majina ya .eu waliyakuta yamesimamishwa tarehe 1 Januari 2021, baada ya nchi yao kutoka Umoja wa Ulaya.

Kikoa hukinunui milele, unakikodi. Miisho ya kawaida inaweza kulipiwa hadi miaka 10 mbele, na kwa anwani utakayoitegemea maishani nashauri ulipie angalau mitano. Nguvu yako iko mahali pengine: msajili, yaani kampuni inayokusajilia kikoa, akikuudhi unahama na jina lako. Chini ya kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, msajili anatakiwa kukupa msimbo wa kuhamia ndani ya siku 5 tangu uombe. Kikoa kipya, hata hivyo, kwa kawaida hakihami ndani ya siku 60 za mwanzo, basi mchague msajili vizuri tangu siku ya kwanza.

Kwenye akaunti ya msajili fanya mambo manne kabla ya kingine chochote:

1. Washa kufuli la kuhamisha, ili mtu asiweze kukiondoa kikoa bila wewe kulifungua.
2. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya misimbo au ufunguo wa USB. Usitumie SMS, kwa sababu mhalifu akimshawishi mhudumu wa kampuni ya simu ampe laini yako, misimbo inakwenda kwake.
3. Chapisha misimbo ya dharura kwenye karatasi.
4. Weka anwani ya mawasiliano ambayo *haiko* kwenye kikoa hicho hicho.

La nne ndilo linalowaangusha wengi. Kikoa kikiisha muda, barua zake hukoma. Onyo la msajili linatumwa kwenye anwani iliyokwisha kufa, na kiungo cha kubadili nywila kinakwenda huko huko. Umejifungia nje na ufunguo uko ndani.

Kadi ya benki iliyoisha muda ndiyo chanzo cha kawaida cha kupoteza kikoa, kwani malipo ya kujiendesha yanakataliwa na hakuna anayeona. Kwa .com msajili anaweza kukuvumilia hadi siku 45, kisha zinakuja siku 30 ambazo unakikomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za mwisho, kisha jina linarudi sokoni. Atakayelinunua atapokea barua zako na ataweza kuomba nywila mpya za akaunti zako zote. Huu ndio mzigo wa kumiliki anwani, na asiyeweza kuubeba ni afadhali abaki alipo.

Nani apokee barua

Shawishi la kwanza ni kuweka seva nyumbani. Usifanye hivyo kwa anwani unayoitegemea. Watoa huduma wengi wa intaneti wamefunga mlango 25, namba ya njia ambayo seva hutumia kutumiana barua. Anwani nyingi za IP (namba zinazotambulisha mashine kwenye intaneti) za majumbani zimo kwenye orodha za kuzuia barua taka, na jina la kinyume la IP, yaani jina ambalo namba hiyo hujibu ikiulizwa ni ya nani, halidhibitiwi nawe bali na mwenye mtandao. Kupokea utafaulu. Unazotuma zitaishia kwenye folda ya taka, nawe hutajua.

Lipia huduma. Sharti langu la kwanza ni IMAP halisi kwenye mlango 993. IMAP ni lugha ya kawaida ambayo programu yoyote ya barua hutumia kusoma kisanduku kilicho kwenye seva, na IMAP ndiyo njia ya kutokea siku ya kuhama. Baadhi ya huduma zinazosimba barua kwa ufunguo wa mtumiaji hazitoi IMAP moja kwa moja, bali zinahitaji programu ya kati kwenye kompyuta yako. Si kasoro, ila ijaribu kabla hujahamia. Angalia pia kampuni iko chini ya sheria ya nani. Sheria ya CLOUD ya Marekani ya mwaka 2018 inaruhusu mahakama kuidai data iliyo mikononi mwa kampuni ya Marekani hata kama seva ziko nje ya nchi, kwa hiyo "data yako inakaa Ulaya" ni ahadi ndogo kuliko inavyosikika. Mwaka 2013 huduma ya Lavabit iliamriwa na serikali ya Marekani kutoa ufunguo wake wa usimbaji, ufunguo mmoja uliolinda wateja wote. Mwenye huduma akaamua kuifunga. Funzo la kiufundi hapo ni kwamba barua ambayo haijasimbwa na mtumaji, mtoa huduma anaweza kuisoma, na anachoweza kusoma anaweza kulazimishwa kukitoa.

Rekodi za DNS

Ukishalipia pande zote mbili, nenda kwa msajili uandike rekodi nne za DNS, orodha ambayo intaneti husoma kujua huduma za kila kikoa ziko wapi. Tuseme kikoa ni jinalako.example:

`jinalako.example. MX 10 mx1.mtoahuduma.example.`
`jinalako.example. TXT "v=spf1 include:spf.mtoahuduma.example -all"`
`k1._domainkey.jinalako.example. TXT "v=DKIM1; k=rsa; p=..."`
`_dmarc.jinalako.example. TXT "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@jinalako.example"`

MX inasema barua ziletwe wapi. Zikiwa mbili, yenye namba ndogo hujaribiwa kwanza. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM ni ufunguo wa kuhakiki saini ya kila barua, na DMARC inawaambia wapokeaji wafanye nini viwili hivyo vikishindwa.

Makosa ni yale yale kila mara. Nukta ya mwisho ikisahaulika, baadhi ya mifumo huongeza kikoa chako nyuma, na barua zinatafuta mx1.mtoahuduma.example.jinalako.example, mahali pasipokuwapo. Rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja huhesabika kuwa kosa, na SPF yote inabatilika. Ukiwa na watumaji wawili, waunganishe katika mstari mmoja, na utafutaji wa majina ndani yake usizidi 10. Ufunguo wa DKIM wa biti 2048 hauingii katika kamba moja ya herufi 255, hivyo fomu nyingine huukata mkia kimya kimya. Baada ya kuhifadhi, linganisha herufi za mwisho na ulizopewa.

Hakiki kwa kuandika `dig MX jinalako.example +short`, kwenye dirisha la amri la kompyuta, kisha jitumie barua kwenye akaunti yako ya zamani na ufungue chanzo chake, yaani maandishi yake ghafi pamoja na vichwa vyake. Tafuta mstari wa Authentication-Results. Unataka kuona spf=pass, dkim=pass na dmarc=pass. Acha DMARC kwenye p=none (wapokeaji wasichukue hatua) kwa wiki chache huku ukisoma ripoti, ndipo uipandishe iwe quarantine (zilizoshindwa ziende taka), hatimaye reject (zikataliwe). Anayeanza na reject anaweza kupoteza barua halali siku ya kwanza.

Ukikosea MX kwa saa kadhaa usihangaike sana. Seva ya mtumaji ikishindwa kuifikia yako huihifadhi barua na kujaribu tena, kwa kawaida kwa siku kadhaa. Kinachoua barua papo hapo ni seva kujibu kwa msimbo unaoanza na 5, kwa mfano ikiwa hujafungua kisanduku cha anwani hiyo. Kwa hiyo fungua visanduku kwanza, MX baadaye.

Kubeba barua za zamani

Fanya njia zote mbili. Kwanza omba kifurushi cha data. Kwa Google chombo chake ni Takeout, nacho hutoa barua katika faili la mbox. Lipakue mara linapokuwa tayari, kwa kuwa kiungo chake huisha muda, na uweke nakala kwenye diski mbili. Pili, hamisha barua kutoka seva hadi seva kwa programu ya imapsync, ambayo ikikatika huendelea bila kurudia zilizokwisha kuhama.

Gmail ina mtego wake hapa. Haina folda, ina lebo, na barua yenye lebo tatu huonekana kupitia IMAP kama iko kwenye folda tatu. Ukihamisha bila kuchuja unaweza kujaza kisanduku kipya kwa nakala za barua zile zile. Hamisha folda ya barua zote peke yake, au panga lebo kwanza.

Na IMAP usiihesabu kuwa nakala rudufu. Inasawazisha: ukifuta huku, inafuta na kule.

Akaunti moja baada ya nyingine

Hii ndiyo sehemu ndefu, na hakuna programu ya kukufanyia. Tafuta anwani ya zamani ndani ya hifadhi ya nywila, kisha pekua barua za miaka miwili kwa maneno kama "karibu", "ankara" na "thibitisha". Anza na benki, kampuni ya simu, kodi na afya. Baadhi ya huduma hutuma uthibitisho kwenye anwani ya zamani, hivyo nayo lazima iwe hai wakati wote huu.

Hatari kubwa ni kitufe cha kuingia kwa akaunti ya kampuni nyingine. Kila tovuti uliyoingia hivyo haina nywila yako, inategemea kampuni ile iseme "ndiye". Fungua mipangilio ya usalama ya akaunti ya zamani, soma orodha ya programu zilizounganishwa, kisha katika kila moja weka nywila kwanza, toka, ingia kwa nywila hiyo, ndipo ukate muunganisho. Ukikata kabla ya kuweka nywila, unaweza kubaki nje.

Wakati huo huo elekeza barua za zamani kwenye anwani mpya, ukijua kwamba kuelekeza mara nyingi huvunja SPF, kwa kuwa barua sasa inatoka kwenye seva ambayo mtumaji hakuitaja. DKIM hubaki salama kama barua haikuguswa. Ukiona baadhi zinapotea, mwambie mtoa huduma mpya azivute kwa IMAP badala ya kuelekezewa.

Kama sheria ya Ulaya inakuhusu, iandikie kampuni ya zamani kwa kutaja kifungu cha 15. Uliza ina data gani juu yako, imempa nani, na itakaa nayo muda gani. Inapaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja, bila malipo, na ikitaka kuongeza miezi miwili lazima ikueleze sababu ndani ya mwezi huo wa kwanza. Kumbuka tarehe.

Kisha usiifute akaunti ya zamani. Ondoa barua na picha ukishahakikisha nakala zinafunguka, lakini anwani yenyewe ishikilie. Mwaka 2013 Yahoo iliwapa watu wapya majina ya akaunti zilizolala, na barua za wenye awali zikawafikia wageni. Google kwa sasa hufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka 2. Weka ukumbusho kila baada ya miezi 6: ingia, soma kilichoingia, na kila huduma ambayo bado inaandika huko ihamishe siku hiyo hiyo.