Ukienda Nanenane Morogoro, anzia kwenye vipando

Wengi wakiingia viwanja vya Mwalimu Nyerere kwenye maonesho ya wakulima wanaishia kwenye mabanda ya biashara na nyama choma. Vipando vya mboga, yaani vishamba vya mfano vilivyo pembeni na nyuma ya mabanda, wanavipita huku wakipiga picha kabichi. Mimi nalima nyanya na mchicha hapa Kihonda, na sehemu kubwa ya ninachokijua kuhusu nyanya nimejifunza pale, nimechuchumaa kando ya tuta.

Maonesho yanaanza tarehe 1 Agosti na kilele ni tarehe 8. Nenda siku za mwanzo, kabla ya saa nne asubuhi. Siku ya kilele watu ni wengi mno, mtaalamu hana nafasi ya kukusikiliza. Ukitokea Dar, shuka Nanenane, usisubiri stendi ya Msamvu. Vaa viatu vya kufunika, maana matuta huwa yamemwagiliwa. Beba daftari na futi kamba.

Kwenye kila kipando soma kibao kwanza: aina ya mbegu, nafasi, na zaidi ya yote tarehe ya kupanda. Kama hakijaandikwa tarehe, uliza. Nyanya unazoziona zimeiva Agosti zilitoka kitaluni kama mwezi wa tano, masika yakiishia, zikakulia kwenye ubaridi na kiangazi kwa maji ya kumwagilia. Mwaka mmoja nilinunua mbegu kwa kutazama matunda tu, nikaipanda ikakutana na mvua za Machi. Ugonjwa wa bakajani ulimaliza matuta yangu matatu katika siku kumi. Mbegu haikuwa na kosa, mimi ndiye sikuuliza.

Halafu pima mwenyewe. Weka futi kutoka shina hadi shina, kutoka mstari hadi mstari. Chimbua udongo kidogo kwa kidole uone samadi imechanganywa kiasi gani. Kama kuna mipira ya kumwagilia kwa matone, tazama tundu limekaa wapi na shina liko wapi.

Ila usiondoke bila kuomba uonyeshwe mmea unaoumwa. Hapo ndipo penye elimu. Binti mmoja aliyekuwa akihudumia kipando alichuma jani la nyanya lenye baka jeupe, akaliinua kwenye jua. "Mama, angalia katikati." Ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, kiwavi mdogo wa kijani alikuwa anajongea, nyuma yake kinyesi cheusi. Kantangaze. Miaka yote nilikuwa napiga dawa juu ya jani na mdudu yuko ndani, amejifunika. Akanipeleka kwenye beseni la maji yenye sabuni, juu yake kimeninginizwa kidonge chenye harufu ya nondo jike, yule kipepeo anayezaa kiwavi huyo. Madume yalikuwa yameelea humo. Akanieleza kwamba mtego peke yake hautoshi, majani yenye mabaka lazima yachumwe na kuzikwa. Yote hayo yalichukua dakika tano.

Ukinunua mbegu, uliza kama ni chotara, yaani imetokana na kuchanganya aina mbili. Chotara ukikamua mbegu zake, msimu unaofuata zitakuja mchanganyiko, kwa hiyo hesabu gharama ya kununua kila mara. Na kabla hujatoka, omba namba ya simu ya mhudumu wa kipando. Mimi msimu uliopita nilimtumia yule binti picha ya jani, akanijibu jioni ileile.