Filamu ya kale na iliyorudiwa kwenye ukuta mmoja: namna ya kujua ipi imeishinda mwenzake

Kila Alhamisi baada ya Isha wanawake wa mtaani kwetu Mkomani, hapa Amu (Lamu), hupanda darini kwangu. Kila mmoja na mkeka wake, watoto mbele, shangazi yangu kwenye kiti cha mbao kwa sababu ya magoti. Tunatazama filamu ukutani. Zamani tulikuwa tunatazama chochote kilichopatikana, mpaka usiku mmoja shangazi akasema mbele ya wote kwamba filamu ikirudiwa, yaani ikitengenezwa upya, basi imeharibiwa, na hajapata kuona iliyorudiwa ikapendeza kuliko ya kwanza. Mabinti wakakataa. Maneno yakawa mengi hadi kahawa ikapoa, na mimi nikaona ubishi huu hauishi kwa kusema, utaisha kwa kutazama. Tangu hapo twatazama mbili mbili: ya kwanza Alhamisi hii, iliyorudiwa Alhamisi ya pili. Jamaa zangu wa Malindi wameniomba niwaandikie tunavyofanya, ili nao wafanye kwao. Haya ndiyo.

Tafuta ukuta, usitundike shuka. Darini, hasa msimu wa kusi, shuka hupiga kama tanga na uso wa mwigizaji Nargis unakunjamana hata humjui. Ukuta uliopakwa chokaa ni bora kuliko kitambaa chochote cha kununua, kwa sababu chokaa hainyonyi mwanga wala haing'ai kama rangi ya mafuta, kwa hiyo hata aliyekaa pembeni anaona sawasawa. Wetu ulikuwa na nyufa. Fundi aliziziba kwa chokaa na tukaungoja ukauke vizuri. Projekta yaweza kukaa juu ya stuli. Spika iweke karibu na mikeka, si karibu na projekta, upate kusikia bila kupandisha sauti na jirani alale. Chaji kompyuta mchana, maana stima haina miadi.

Kisha uhakikishe una filamu mbili kweli. Hili nalisema kwa uchungu. Mara ya kwanza nilitaka kulinganisha Don ya 1978, ile ya Amitabh Bachchan na Zeenat Aman, na Don ya 2006 aliyoigiza Shah Rukh Khan. Nikanunua diski mbili dukani, moja jalada lake lina sura ya Amitabh. Darini watu wamejaa, nabonyeza, anatokea Shah Rukh. Naweka ya pili, Shah Rukh tena. Shangazi alikuwa amevaa leso mpya kwa ajili ya Amitabh. Tangu siku hiyo sitazami jalada. Nafungua filamu mwenyewe mchana, nasoma majina ya mwanzo, naandika daftarini mwaka na jina la mwongozaji, nakagua dakika kumi za katikati na dakika tano za mwisho. Filamu nyingi zina jina moja na waongozaji tofauti: Don ya 1978 ni ya Chandra Barot, ya 2006 ni ya Farhan Akhtar, ambaye baba yake, Javed Akhtar, alikuwa mmoja wa waandishi wawili wa ile ya kwanza.

(Tulizipata zote mbili mwishowe. Ya 2006 imegeuza mwisho, na sitausema, kwa kuwa ndiyo nguvu yake yote. Hata hivyo wengi darini walichagua ya 1978. Wimbo wa tambuu ya Banaras umo katika zote mbili, lakini Amitabh anautafuna kama mtu aliyekula tambuu maisha yake yote, na walaji tambuu tunao hapa wa kutosha kuijua tofauti.)

Anza na ya kale. Mabinti watakuomba uanze na mpya kwa kuwa ina rangi na sauti nzuri. Usikubali. Aliyeizoea mpya huiona ya kale kuwa polepole na masikini, akaihukumu kwa mavazi. Ukianza na ya kale, unaingia katika ile ya pili ukiwa tayari na kitu moyoni unachokilinda, na hapo ndipo macho yanapofanya kazi. Mwachano wa wiki moja unatosha. Tulijaribu zote mbili usiku mmoja, na filamu hizi za Kihindi hazipungui saa mbili na nusu, nyingine zapita tatu. Watoto walilala mikekani na wakubwa wakabaki wanatazama saa.

Kuna wasiosoma maandishi ya chini. Chagua mtu mmoja wa kutafsiri kwa sauti, naye aifuate filamu nyuma kidogo, aseme lisemwalo na anyamaze. Asieleze nani atakufa. Sisi kazi hii anayo binti wa jirani aliyejifunza Kihindi kwa kutazama tu, na uzuri wake ni kwamba panapoimbwa huacha waimbe.

Sasa kipimo chenyewe, ambacho sikukipata katika filamu. Kurudia kazi ya mwenzio si jambo geni kwetu. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, alizichukua beti za Fumo Liyongo akazitia takhmisi: kila mishororo miwili ya Liyongo akaitangulizia mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Ile miwili ikabaki kama ilivyo. Kazi ya mtunzi wa pili ikawa kuandika mitatu inayotuongoza hadi kwenye miwili, hata tukifika tunaisikia kama hatujapata kuisikia. Nikiisha kutazama filamu mbili nauliza hivyo hivyo. Miwili iliyobaki ni ipi? Mitatu iliyoongezwa ni ipi? Na hiyo mitatu yatupeleka kwenye miwili, au imesimama mlangoni inatuzuia? Daftarini nina safu mbili, ya vilivyoachwa na ya vilivyotiwa, na kila mtu darini anaruhusiwa kutaja kimoja kimoja kabla hatujasema ipi imeshinda. Kutaja kwanza, kuhukumu baadaye. Ukiwaacha wahukumu kwanza, kila mtu ataitetea ile aliyoitazama ujanani mwake.

Filamu iliyonifundisha kutumia kipimo hiki ni Agneepath, yaani njia ya moto, au kama tusemavyo Amu, ndia ya moto. Ya kwanza ni ya 1990, mwongozaji Mukul Anand, mwigizaji Amitabh. Ya pili ni ya 2012, mwongozaji Karan Malhotra, mwigizaji Hrithik Roshan. Ya kwanza aliitoa Yash Johar, na ya pili akaitoa mwanawe, Karan Johar. Jina lenyewe latoka kwenye shairi la Harivansh Rai Bachchan, baba yake Amitabh, na shairi hilo linasomwa katika zote mbili. Kwetu sisi hiyo ndiyo mishororo miwili: shairi, na mtoto wa mwalimu aliyeuawa kijijini Mandwa, ng'ambo ya maji kutoka Mumbai, akakua jijini akiwa na shabaha moja tu, kurudi. Watu wa Amu hawahitaji kuelezwa kijiji cha ng'ambo ya maji ni nini. Sisi wenyewe mwaka mzima twavuka kwenda Mokowe na kurudi.

Ya 1990 ina Mithun Chakraborty, na hapa lazima nisimame. Anaigiza Krishnan Iyer, muuza madafu mwenye shahada, shuka kiunoni kama kikoi, anayemwokoa Vijay, yule mtoto wa mwalimu, aliyepigwa risasi na kuachwa afe, akawa rafiki yake na akampenda dada yake. Darini kwangu alipendwa kuliko Amitabh. Basi Alhamisi ya pili, ya 2012 imekwenda zaidi ya saa moja, nasikia sauti kutoka kwenye kiti: "Mwanangu, muuza madafu wangu yuko wapi?"

"Hayumo, shangazi. Wamemtoa."

Akafyonya, sikusikia neno lake tena kwa muda mrefu. Nikaandika katika safu ya vilivyoachwa: muuza madafu.

Lakini tazama walichotia. Wamemtia Rauf Lala, muuza dawa za kulevya na wasichana, na aliyeigiza ni Rishi Kapoor, ambaye mama zetu walimjua akiwa kijana wa mapenzi katika Bobby ya 1973. Uso ule ule mtamu, sasa una wanja machoni na hauna huruma. Kwa wanaomkumbuka kijana yule, hofu ni maradufu. Kancha, adui mkubwa, naye wamembadilisha. Wa 1990, Danny Denzongpa, ni mtu wa suti na utulivu. Wa 2012, Sanjay Dutt, hana nywele kichwani wala nyusi. Na wametia mti. Baba, yule mwalimu, ananyongwa mtini mbele ya mwanawe. Mwishoni Vijay aliyejaa majeraha anambeba Kancha hadi kwenye mti ule ule. Katika ya kwanza kisasi ni cha mtu na mtu. Katika ya pili kisasi kina mahali, na tangu mwanzo filamu nzima inakwenda huko, kwa hiyo shairi likisikika tena linasikika zito. Hiyo ndiyo takhmisi. (Watoto walale kabla ya hii. Ina damu na ukatili ambao si wa umri wao.)

Shangazi alikaa kimya mpaka mikeka ikakunjwa. Ndipo akasema, "Ya pili nimeikubali. Lakini wana deni langu la muuza madafu." Na hukumu yake ndiyo yangu. Filamu yaweza kumshinda mwenzake na bado ikadaiwa.

Wakati mwingine ile unayoiita ya kwanza si ya kwanza. Wapwa zangu, vijana wa sekondari, waliomba usiku wao wa filamu za kutisha, nikawawekea The Thing from Another World ya 1951 kisha The Thing ya John Carpenter ya 1982. Zote zatokana na hadithi ya John W. Campbell iliyochapishwa 1938, kuhusu kiumbe kinachoweza kuwa mtu yeyote. Ya 1951 iliacha jambo hilo ikaleta jitu moja refu, aliloigiza James Arness. Ya 1982 ilirudi hadithini, na ikachukiwa na wengi ilipotoka kabla ya kuheshimiwa miaka ya baadaye. Onyesha pale Kurt Russell anapochovya waya wa moto katika damu ya kila mwenzake, kisahani kimoja baada ya kingine, kujua nani bado ni mtu. Vijana wangu walikuwa wamekaa bega kwa bega. Waya ulipofika kisahani cha nne kila mmoja alikuwa amejivuta kwenye mkeka wake. Kwa hiyo ukipanga jozi, uliza nyuma ya ya kwanza kuna nini: kitabu, tamthilia, filamu nyingine ya lugha nyingine.

Za kushindwa hazihitaji muda wako. Sholay ya 1975 ilirudiwa 2007 na Ram Gopal Varma, tukaizima kabla ya nusu. Mwenye wiki moja tu asiipoteze hapo.

Jozi niliyoingoja kwa muda mrefu ni ya shangazi mwenyewe. Filamu ya maisha yake ni Mother India ya 1957. Aliitazama sinema Mombasa akiwa msichana, na hadi leo akiimba jikoni huimba nyimbo zake. Nilitangaza Alhamisi ile kwamba tunatazama filamu ya 1940, Aurat, na sikusema zaidi. Picha imechakaa, nyeusi na nyeupe, sauti kama mtu anasemea mtungini. Mwanamke, watoto, shamba, deni. Shangazi akatulia tu, mpaka alipoingia mkopeshaji mwenye macho ya ujanja. Akainuka kitini, magoti na yote.

"Huyu si Sukhilala?"

Ni yeye. Kanhaiyalal aliigiza mkopeshaji yule katika filamu zote mbili, miaka kumi na saba imepita katikati, na zote mbili ni za mwongozaji mmoja, Mehboob Khan, aliyerudia kazi yake mwenyewe. Katikati India ilikuwa imepata uhuru, 1947. Kwa hiyo ya 1957 inaanza na mama mzee anayeombwa afungulie maji ya mfereji mpya wa kijiji, na inaishia hapo hapo, maji yakienda mashambani na yeye akiyaona mekundu kwa damu ya mwanawe aliyempiga risasi kwa mkono wake. Kwa jozi kama hii usitafute mengi. Mfuate mtu mmoja aliyemo katika zote mbili, kama huyu mkopeshaji, uone uso mmoja unavyozeeka na uovu wake unavyokomaa.

Wiki iliyofuata tulitazama Mother India kwa ukimya ambao sijauona darini kwangu. Maji yalipogeuka mekundu shangazi alishika mkono wa binti aliyebishana naye siku ile ya kwanza, na hakuuachia hadi taa ikawashwa. Kisha akaliomba daftari. Hajui kuandika sana. Akaniambia niandike katika safu ya vilivyotiwa: maji.

Alhamisi ijayo ni Devdas ya 1955, ya Bimal Roy na Dilip Kumar. Ya 2002, ya Shah Rukh Khan, itafuata. Na kwa kipimo cha kutazama nyuma, mjue Bimal Roy ndiye aliyeshika kamera katika Devdas ya miaka ya 1930. Njooni na mikeka. Mlango wa chini haufungwi mpaka saa tatu.