Ruta ya Wi-Fi kwa nyumba yenye kompyuta kadhaa: tazama ukuta na matundu kabla ya boksi

Boksi la ruta huandikwa namba kubwa upande wa mbele: 1200, 1500, 3000. Namba hizo huuza ruta, lakini sizo zinazoamua kama laptopu ya chumba cha nyuma itaingia kwenye mkutano wa video bila kukatika. Katika nyumba za Mombasa huamua mambo mawili: ukuta mnene kuliko yote kati ya ruta na kompyuta, na tundu la waya lenye kasi ndogo kuliko yote katika njia inayopita data. Yajue hayo kabla ya kuingia dukani.

Intaneti inaingiaje nyumbani

Kama ni faiba, uzi mwembamba huishia kwenye kisanduku cha kampuni, na hapo hutoka kebo ya kawaida ya mtandao. Unahitaji ruta yenye tundu la WAN, yaani la kuingizia intaneti, la aina ya RJ45, lile pana la pini nane. Ruta yenye tundu jembamba la waya wa simu ya mezani, RJ11, ilitengenezewa laini za shaba. Bado zinauzwa mtumba kwa bei ya kuvutia, ziache.

Kama intaneti inatoka kwenye antena ya juu ya paa, kebo yake hupitia adapta ndogo yenye matundu mawili, moja limeandikwa POE na jingine LAN. Lile la POE hupeleka umeme juu kwenye antena. Ruta ichomekwe kwenye LAN. Ukikosea ukaichomeka kwenye POE, inaweza kuungua papo hapo.

Anayetegemea laini ya simu anunue ruta ya SIM isiyofungiwa mtandao mmoja, yenye angalau matundu mawili ya LAN, yaani ya kuchomekea kompyuta za ndani. Zile ndogo za mfukoni hazifai nyumba: nyingi hazina hata tundu moja la waya, na hupokea vifaa vichache tu kwa wakati mmoja, mara nyingi 10.

Jambo jingine la kupima kabla ya kutoa pesa: kisanduku cha faiba ulichofungiwa mara nyingi tayari ni ruta yenye Wi-Fi yake. Kama kompyuta zote ziko sebuleni na chumba cha pili yake, huenda huhitaji kununua kitu.

Ziulize kompyuta zenyewe

Ruta mpya haiifanyi laptopu ya zamani kuwa mpya. Katika Windows fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika `netsh wlan show drivers`, kisha tafuta mstari unaoorodhesha aina za redio. Ukiona 802.11ax, kompyuta hiyo ni ya Wi-Fi 6. Ikiishia 802.11ac ni Wi-Fi 5. Ikiwa na b, g na n peke yake, bila a wala ac, inashika bendi (masafa ya redio) ya 2.4 GHz tu, na hata ukinunua ruta ya bei gani haitaiona bendi ya 5 GHz. Baadhi ya laptopu za zamani za mtumba ziko hivyo. Adapta ndogo ya USB ya Wi-Fi ya bendi mbili huiondoa shida hiyo kwa gharama ndogo kuliko kubadilisha ruta nzima.

Kompyuta ya mezani isiyohama ipe kebo. Kila inayokaa kwenye waya inawaachia hewa wanaotumia Wi-Fi.

Sasa pima kazi. Mkutano wa video wa picha safi hutumia kama megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kila upande. Filamu ya 4K hutaka kama 15. Kwa kifurushi cha megabiti 20, ruta yoyote ya leo inamudu, na kinachobana ni kifurushi chenyewe. Lakini kompyuta zinapopeana mafaili zenyewe kwa zenyewe, au zinapohifadhi nakala kwenye diski moja ya nyumbani, kifurushi hakihusiki kabisa. Hapo kasi ya ndani ya nyumba ndiyo kila kitu, na hapo ndipo ruta nyingi za bei rahisi huanguka.

Matundu

Geuza boksi usome ubavuni. Ukikuta 10/100, kila tundu la nyuma linaishia megabiti 100 kwa sekunde. Ukikuta 10/100/1000, au neno gigabiti, linafika 1,000. Faili la gigabaiti 10 huchukua kama dakika 14 kwenye tundu la 100 na kama dakika moja na nusu kwenye la gigabiti. Tena, ikiwa kifurushi chako ni zaidi ya megabiti 100, ruta yenye WAN ya 100 itaishia hapo, na kasi ya ziada unayolipia kila mwezi itapotea.

Namba ya mbele ya boksi haikuambii haya. AC1200 maana yake ni 300 za bendi ya 2.4 GHz kujumlisha 867 za bendi ya 5 GHz, kisha jumla ikapandishwa hadi 1200. Hakuna laptopu ya kawaida inayopata jumla hiyo, kwa sababu huungana na bendi moja kwa wakati. Na ruta mbili za daraja hilo hilo zinaweza kutofautiana sana kwa nyuma: TP-Link Archer C50 na Archer C6 zote ni za 1200, lakini ya kwanza ina matundu ya 100 na ya pili ya gigabiti. Kwa nyumba yenye kompyuta tatu hadi sita, chukua ile ya gigabiti hata kama antena zake ni chache. Antena nne za nje hazimaanishi nguvu mara nne.

Je, Wi-Fi 6? Ndiyo, kama angalau kompyuta mbili au tatu zimeonyesha ax kwenye kile kipimo, au kama vifaa ni vingi na vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja. Wi-Fi 6 imebuniwa kugawa zamu vizuri. La sivyo, Wi-Fi 5 ya gigabiti inatosha. Wi-Fi 7 huchota sehemu kubwa ya mwendo wake kwenye bendi ya 6 GHz, ambayo hupenya ukuta vibaya kuliko 5 GHz. Usiinunue kwa tamaa ya kufikia mbali.

Ukuta

Nyumba za zamani za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zinaweza kukaribia nusu mita. Vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, karibu mita tatu. Kwa hivyo mawimbi yakikata nyumba kwa upana hukutana na ukuta mnene kila baada ya hatua chache. Ukuta mmoja wa namna hiyo huinyonya 5 GHz sana. Wa pili mara nyingi huimaliza. Unyevu ulionywewa na jiwe huongeza tabu. Mawimbi hupita vizuri zaidi yakifuata urefu wa chumba na uwazi wa milango, basi weka ruta mahali inapoiona milango mingi, au karibu na uwazi wa ngazi.

Nyumba ya Kiswahili yenye ujia katikati na vyumba huku na huku, kama zile za Majengo, ni rahisi zaidi: ruta ikae ujiani, juu, karibu mita mbili kutoka sakafuni, katikati ya urefu wa nyumba. Kila chumba kitakuwa na ukuta mmoja tu wa kupitisha.

Magorofa ya Nyali, Bamburi au Kizingo yana shida mbili tofauti. Ukuta wa matofali ya saruji hupitika, lakini slabu ya zege yenye nondo kati ya orofa na orofa ni kizuizi kikubwa. Nyumba ya ngazi mbili isitegemee ruta moja. Shida ya pili ni majirani. Bendi ya 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na katika jengo lenye nyumba ishirini zote huwa zimejaa. Hapo ruta ya bendi mbili ni lazima.

Usinunue kwa kukisia. Simu inatosha kupima. Iweke simu mahali unapopanga kuweka ruta, washa hotspoti yake kwenye 5 GHz, ingia na laptopu kila chumba ukafunge mlango, kisha andika `netsh wlan show interfaces` usome asilimia ya nguvu ya mawimbi. Juu ya 70, chumba hicho hakina neno. Kati ya 50 na 70, kurasa zitafunguka lakini mikutano ya video itakwama mara kwa mara. Chini ya 50, chumba hicho kinahitaji waya au kituo cha pili cha Wi-Fi. Hotspoti ya simu huwa dhaifu kuliko ruta, kwa hiyo kilichofaulu kwa simu kitafaulu kwa ruta. Rudia kwa 2.4 GHz kwa vyumba vilivyoshindwa.

Kituo cha pili kipelekee kebo ikiwezekana. Kifaa cha kurudia mawimbi kisicho na kebo hupokea na kutuma kwa redio ile ile, na kasi hushuka hadi karibu nusu. Tena watu hukiweka ndani ya chumba kisicho na mtandao, ambako chenyewe hakisikii kitu. Mahali pake ni katikati ya njia, bado kinapopata mawimbi mazuri. Seti za mesh, yaani vituo kadhaa vya Wi-Fi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, ni bora, hasa zenye redio ya tatu ya kuzungumzia zenyewe, lakini kwa kuta za matumbawe hata hizo zinataka kebo kati yake.

Kebo iwe Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Sokoni kuna nyingi za alumini iliyopakwa shaba, nyepesi na rahisi, zilizoandikwa CCA. Kwaruza ncha ya uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, irudishe. Alumini hukatika ikikunjwa, na kwa hewa yetu ya chumvi huoza haraka kwenye viungo.

Chumvi, joto na stima

Hewa ya bahari hula pini. Usiweke ruta kwenye dirisha linalopokea upepo wa baharini, na tundu usilotumia liziba kwa kifuniko cha plastiki. Usiibandike ukutani juu ya friji wala nyuma ya televisheni, na usiifungie kabatini. Joto la Januari hadi Machi linatosha bila kuongezewa. Ruta inayojizima na kuwaka kila alasiri mara nyingi imepata joto kupita kiasi.

Adapta isomeke 100–240V na iwe na plagi ya pini tatu bapa. Iliyoandikwa 120V peke yake, isiguse soketi ya hapa.

Stima ikikatika, kiyupiesi (betri ya akiba) kidogo cha DC hubeba ruta na kisanduku cha faiba bila kelele. Hesabu yake ni hii: kilichoandikwa 8,800 mAh kwa volti 3.7 kina kama wati-saa 32; toa upotevu, baki 26. Vifaa viwili vikila wati 12 kwa pamoja, unapata saa mbili na kidogo. Kabla ya kununua, linganisha volti na ampea za adapta zako. Ruta inayotaka 12V 2A ikipewa tundu la 12V 1A inaweza kuwa inawaka na kuzima bila kukoma.

Kuunganisha, na mahali panapokosewa

Kosa kubwa ni ruta mbili kugawa anwani, yaani namba za kutambulisha vifaa mtandaoni, katika nyumba moja. Kisanduku cha kampuni ni 192.168.1.1, na ruta mpya nayo ni 192.168.1.1: intaneti hukataa. Hata anwani zikitofautiana, kompyuta iliyounganishwa na kisanduku haitaiona printa iliyo nyuma ya ruta mpya. Suluhisho ni kuiweka ruta mpya katika hali ya aksesi pointi, yaani itoe Wi-Fi tu bila kugawa anwani. Kama haina hali hiyo, ipe anwani 192.168.1.2, zima DHCP yake (huduma inayogawa anwani), na kebo kutoka kisanduku ichomeke kwenye LAN yake badala ya WAN. Ukitaka ruta mpya ndiyo iongoze, iambie kampuni iweke kisanduku chao katika hali ya daraja, yaani kipitishe intaneti tu bila kufanya kazi ya ruta.

Badilisha nywila ya kuingilia mipangilio siku hiyo hiyo, si ya Wi-Fi peke yake. Kwa usalama wa Wi-Fi chagua WPA2 au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, zima WPS (njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila), kisha sasisha programu ya ruta. Kwenye 2.4 GHz weka upana wa chaneli wa 20 MHz na chaneli iliyo tupu kati ya 1, 6 na 11. Kwenye 5 GHz anza na chaneli 36 hadi 48. Kwenye zile za 52 na kuendelea ruta inaweza kulazimika kuhama ghafla ikihisi rada, na mtandao ukakatika katikati ya kazi.

Mtandao wa wageni uwe wa wageni kweli. Kompyuta ya mtoto ikiachwa humo haitaona printa wala mafaili ya wenzake, kwa kuwa kazi yake ni kutenga. Na katika Windows, mtandao wa nyumbani uwekwe "Private". Ukibaki "Public", kompyuta hujificha.

Mwisho nakili faili kubwa kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye waya, zenye matundu ya gigabiti, usome kasi. Gigabiti hutoa karibu megabaiti 110 kwa sekunde, mradi diski zenyewe zinaweza. Ikigota kwenye 11, kuna kitu cha 100 njiani: tundu, au kebo ambayo nyuzi zake nne kati ya nane ndizo zinazoshika. Badilisha kebo kwanza, kisha kaza upya vichwa vyake, hasa pini 4, 5, 7 na 8.