Bima na mashine ya sukari: pigania stripu

Mashine yenyewe ya kupimia sukari haisumbui sana, maana hununuliwa mara moja ikakaa miaka. Stripu, vile vipande vya kutilia tone la damu na kuchomeka kwenye mashine, ndizo zinazokwisha kila mwezi, na hapo ndipo bima hubana. Mama yangu anachoma insulini na mimi ndiye ninayeshughulikia makaratasi yake, kwa hiyo nitaanzia hapo.

Kabla ya kuchukua mashine yoyote, hata ya kupewa bure, waulize watu wa bima wanalipia stripu za aina gani. Stripu za mashine moja kwa kawaida hazifanyi kazi kwenye nyingine. Uliza pia zinahesabiwa fungu la dawa au la vifaa tiba, kwa sababu kila fungu linaweza kuwa na kikomo chake na mahali pake pa kuchukulia.

Kisha cheti cha daktari. Usione haya kumwomba akiandike upya. "Apime inapobidi" hakisaidii kitu. Anayepitisha madai atatoa wapi idadi? Cha mama kinasema: kisukari, anatumia insulini, apime mara 4 kwa siku, stripu 120 na sindano za kuchomea kidole 120 kwa siku 30. Kama kopo lina stripu 50, makopo mawili ni 100 tu, mwezi haujaisha zimekwisha. Yaandikwe matatu.

Kama unaombea na mashine ya presha, iwe na cheti chake, na saizi ya mkanda wa kufunga mkononi itajwe. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba, mtu akaongezewa dawa asizozihitaji.

Wakikataa, dai sababu kwa maandishi pamoja na siku ya mwisho ya kukata rufaa. Wakisema idadi imezidi kiwango chao, ushahidi unao mkononi: mashine nyingi huhifadhi kila kipimo na saa yake. Mimi hunakili vya wiki mbili, nazungushia duara vilivyoshuka chini ya 4 mmol/L (sukari iliyoshuka mno), kama ile 3.4 ya saa tisa usiku, halafu daktari anaambatanisha barua fupi. Lakini kwanza hakikisha tarehe na saa za mashine ziko sawa. Ukibadilisha betri, zinaweza kurudi nyuma, na kumbukumbu yenye tarehe za ovyo hakuna atakayeikubali.

Mzigo mpya uombe kabla hujafungua kopo la mwisho, maana idhini huchelewa.