Kuchagua melodrama kwa kikundi chenu cha maigizo

Mimi huanza na mhalifu. Nikifika ukurasa wa kumi sijamchukia mtu, hati naiweka kando. Melodrama, yaani tamthilia ya hisia kali ambamo wema na ubaya huonekana wazi, husimama juu ya mtu mbaya ambaye hadhira itamzomea kwa moyo wote.

Kisha hesabuni watu: si waliojiandikisha, bali wanaokuja mazoezini hata mvua ikinyesha. Mkiwa tisa, tafuteni tamthilia ya wahusika saba.

Tukio kubwa lisiwatishe. Katika Under the Gaslight ya Augustin Daly (1867), mtu hufungwa kwenye reli huku treni inakuja. Sisi treni tuliifanya kwa taa moja iliyozidi kuangaza na ngoma iliyozidi kwenda kasi nyuma ya pazia, na watu waliinuka vitini. Muziki ndio asili ya sanaa hii. "Melos" kwa Kigiriki ni wimbo. Basi msichague kabla ya kujua nani atapiga muziki.

Tamthilia za kale nyingi hazidaiwi tena haki za mwandishi, ila tafsiri mpya yaweza kudaiwa. Ulizeni mapema.

Mwisho, isomeni kwa sauti, wote, kikao kimoja. Waigizaji wakiyachekea machozi ya shujaa, tafuteni nyingine.